Rangi Baridi

…au labda kidole changu chenyewe ndicho kinachoziba, ngoja nikishushe kidogo, hapa, kwenye ukingo wa ule mlango wa kijani pichani, "Rauf, hii inaitwaje? Ms… ms…", na yeye ananitazama mdomoni kana kwamba jibu limeandikwa kwenye meno yangu, na mdomo wake umelegea upande wa kulia kama pazia lililong'oka ndoano moja, na yule binti Mirihan, mtaalamu wa usemi anayekuja Jumapili na Jumatano, alisema usimharakishe, mama, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, kiharusi hakikuyafuta maneno yake, kimeyafungia tu chumbani, na ya kazi yake huenda yakatoka kwanza, si aliyafundisha chuoni miaka ishirini na nane, basi anza na machache ya mwanzo kabisa, mstari, umbo, rangi, mwanga, kivuli, na mimi nikamwambia, mwanangu, hayo muulize yeye, mimi ni mshonaji, najua pindo na mshono… saba, nane, na huko nje Mama Wagdi wa ghorofa ya juu ameshusha kapu lake kwa kamba mpaka barabarani na anamgombeza muuza mboga, "Hizo nyanya umezilalia au vipi?", na muuza mboga anapaza sauti kutoka chini, "Shuka uzishike, bibi, ghorofa ya tano hata tikiti linaonekana limelala!", na Rauf amecheka, nusu ya uso wake imecheka, kwa hiyo anasikia, anaelewa mpaka utani, ni kutoa tu ndiko kumemshinda, "Mstari," nimemsaidia, "sema mstari," na midomo imekutana, imeachana, haikutoka hata hewa.

Picha tumeiegemeza kwenye birika la chai, hapa juu ya meza ya jikoni, aliichora nyumbani kwa mama yake kule mjini Rashid, ua, mlango wa kijani, kiti chenye kitambaa chekundu kilichotupwa juu ya egemeo lake, jua upande wa kulia, na upande wa kushoto ukuta wote umeingia kivulini, bluu, bluu tupu… na nimeichagua mimi, Mirihan alisema chagua yoyote anayoipenda na mimi nikachagua hii, na sababu ninaijua, nisijidanganye, kwa kuwa juzi mchana alipolala nililitoa daftari lake la kufundishia mwaka wa kwanza, nikitafuta hayo maneno machache, nikalisoma nimesimama hapa hapa penye jiko, mstari ni mahali kitu kinapoishia na kingine kinapoanzia, umbo ni mstari uliojifunga, kuna kilicho mbele na kilicho nyuma, kuna mizani, yaani upande huu usiuzidi ule uzito, kuna mguso, yaani jicho linavyojua kwamba kitu kinakwaruza kabla mkono haujakigusa, nikasema moyoni, eh, hivi ndivyo vyote, si ni yale yale ya kitambaa, nani asiyejua kwamba mistari ya kushuka humrefusha mtu na ya kukata humnenepesha, nimewavisha maharusi mia mbili wa mtaa huu wa Moharram Bey na hakuna hata mmoja aliyeninong'onezea kwamba hiyo ni elimu… halafu nikafunua ukurasa, na kwa mwandiko wake ule uliolala, Rangi za joto, nyekundu, machungwa, manjano, hukujia. Rangi baridi, bluu, kijani, zambarau, hurudi nyuma. Baridi. Nikavuta kiti nikakaa, bamia zikaungua.

Kwa sababu ile jioni ya maonyesho, mwaka mtoto wetu Nihal alipoanza sekondari, picha hii hii ikiwa imetundikwa ukutani na taa yake ya peke yake, nami nimevaa gauni la kahawia nililolishona wiki nzima, yule mwanamke wa gazeti aliyening'iniza miwani kifuani alinigeukia, "Na wewe, bibi, mke wa msanii, unaionaje?", na mimi nikaitazama, kweli nikaitazama, nikasema, "Ni nzuri, lakini huku kushoto kuna baridi," na Rauf akawa wa kwanza kucheka, "Jamani, mleteeni mke wangu blanketi aifunike!", ukumbi mzima ukacheka, na mwanamke wa gazeti akacheka kwa adabu, hiyo ndiyo iliyouma zaidi, na kwenye tramu nikamuuliza kwa nini umenifanyia vile, akasema bila kugeuka kutoka dirishani, "Insaf, uchoraji una lugha yake. Asiye na maneno hutazama tu, haoni," na tangu siku hiyo, miaka kumi na saba, sijakanyaga ukumbi wowote wa picha, wanafunzi wake wakija nyumbani naingia na sinia la jibini na tikiti, natoka, nasikia mizani, nasikia kivuli, nasikia vicheko nyuma ya mlango… na daftari lina tarehe, Rauf, miaka mitatu kabla ya ile jioni, neno lile lile, uliwafundisha watoto wa watu wakaliandika na kulifanyia mtihani, na lilipotoka kinywani mwa mkeo likawa kichekesho, sasa hukulisikia, au ulilisikia?

"Haya, na hii rangi gani?", nimeweka kidole kwenye ule ukuta wa kushoto, na yeye amejitahidi, maskini, mshipa wa shingo umesimama, "B… b…", na mimi, Mungu anisamehe, sijui nimetolea wapi, nimesema, "Nyekundu. Sema nyekundu. Rangi ya joto," kwa sauti ile ile laini ya Mirihan, nikaona jinsi ilivyo rahisi, naweza kumjengea dunia nzima kichwa chini miguu juu, mstari nikauita umbo, kivuli nikakiita mwanga, na akija kuyasema mbele ya wanafunzi wake watatazamana, watasema ugonjwa huo, masikini ustadhi, na hakuna atakayejua… ametazama picha, amenitazama mimi, amerudi kwenye picha, na mkono wake wa kushoto, huo ulio mzima, umepanda polepole ukanishika kidole, umekiondoa kwenye bluu, umekiburuta juu ya ua wote mpaka kwenye kile kitambaa cha kitini, umekibonyeza hapo, hii, hii ndiyo nyekundu, halafu ameurudisha kwenye ukuta wa kushoto, ameugusa kwa ncha za vidole, na amejikunyata, mabega yameingia masikioni, ametetemeka, amejisugua mkono ule mgonjwa kama mtu aliyetoka kuoga maji yasiyo moto Januari, katikati ya majira yetu ya baridi, na kunitazama, nimeelewa?

Nimeelewa. Na lile la blanketi limenijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, limeiva, lina miaka kumi na saba, na hakuna mtu hapa wa kucheka isipokuwa mimi, nikamtazama amekaa vile na mabega juu, anangoja, jicho limejaa na mdomo hauna kitu, na huko aliko ninakujua, ninakujua kila kona, nimekaa huko maisha yangu yote ya ndoa, kuona kitu chote mpaka pindo lake na kutafuta neno lisije, na watu wanakungoja kwa adabu… nimelimeza. Halikushuka vizuri, lakini nimelimeza. "Ndiyo," nimesema, "bluu. Nimekudanganya, ni bluu, na ni baridi, nilikwambia zamani," na sijui kama anakumbuka, pengine ile jioni kwake ilikuwa jioni tu, na chai imepoa, na nimeona niseme na jingine, kwa nini nisiseme, "Na hiki kiti umekiweka vibaya. Kimekuwa kizito mno, picha yote inataka kumwagikia kulia," na macho yake yamefunguka, ametikisa kichwa, hapana, kidole kimeruka kwenye ule ukuta wa bluu, kinagonga, baridi hii yote huku, hii ndiyo inayokivuta kiti kisianguke, "Sikubali," nimemwambia, "mimi ningekisogeza mlangoni," na amegonga tena kwa nguvu zaidi, amekasirika, vikombe vinatikisika, ananibishia, na mimi nimevuta kiti changu karibu nimwoneshe.