Leso ya Mama, Nyumba ya Bwana

Mwanamkisi alibakiwa na kitu kimoja tu cha mwanawe, nacho kilikuwa wimbo. Rahima alikufa kwa ndui kule kisiwani Ndau, hata kutembea hajaanza, na nguo zake zote zikachomwa kwa kuogopa maradhi. Baadaye mumewe, Famau, alimhamishia Mkomani, mjini Lamu, katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya jamaa zake. Haukupita muda naye akafariki. Jamaa hawakumfukuza mjane, la. Walisahau tu kwamba yumo.

Basi Mwanamkisi alikaa na miyaa yake, akisuka ukili wa mikeka na kuimba wimbo aliokuwa akimbembelezea mtoto mgongoni:

*Lala Rahima, lala,*
*leso ya mama i wazi.*

Aliuimba taratibu, na kila alipofika kwenye jina alisita kidogo, maana hapo ndipo mtoto alipokuwa akigeuza kichwa kumtazama.

Juu yake aliishi Bi Swafiya, kiongozi wa vugo, wale wanawake wanaopiga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba harusini. Bi Swafiya hakuwa mwizi. Alikuwa na sikio zuri tu, na sikio zuri halibishi hodi. Siku moja, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, aliteremka ngazi akaketi mkekani bila kukaribishwa.

"Bi Mwanamkisi, wimbo huu watoka wapi?"

"Ni wangu. Nalimwimbia mwanangu, Mngu amrehemu."

"Nipa mimi. Vugo letu halina wimbo mpya, na wa mtaa wa Langoni watuteka na kutukejeli."

Angekataaje? Tangu matanga ya Famau hakuna mguu wa mgeni uliokanyaga chumba kile. Siku ile, angeombwa hata kitanda angekitoa, akalala chini kwa furaha.

Na alijua, hilo tusimfichie. Kila mwanamke wa Lamu anajua kwamba wimbo ukiingia kwenye vugo hutiwa jina la biarusi wa siku hiyo. Lakini yeye alimfikiria mgeni, hakuufikiria wimbo. Kwenye harusi ya binti aitwaye Hindu pembe zikalia kwa kasi, wanawake wakaitikia kwa vigelegele:

*Toka Hindu, toka,*
*nyumba ya bwana i wazi!*

Moyo wake ulishtuka. Kisha mtu akamtilia pembe mkononi, mwingine akamvuta kwenye safu, naye akapiga. Msimu mzima wa harusi alipiga. Alipakwa hina pamoja nao, akala nao pilau, akataniwa kwa lafudhi yake ya Ndau, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Wimbo ukabadilishwa jina kila harusi, na kila harusi yeye aliuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, asije akaonekana ana kinyongo, wakamwacha nyumbani.

Ilipofika harusi ya Ruqaya, uvumilivu ukamshinda. Alimvuta Bi Swafiya pembeni kabla pembe hazijaanza.

"Nakuomba, Bi Swafiya. Leo, mara moya tu, muimbeni na mwanangu, kwa ina lake, Rahima."

Bi Swafiya alijishika kifua. "Ina la maiti mbele ya biarusi? Astaghfirullahi! Watu watanena tumemwapiza mwana wa watu." Kisha akamwonea huruma, akamshika mkono. "Ina la mwanao u nalo weye nyumbani. Uimbe wako kama ulivyokuwa. Hapana wa kukupokonya."

Maneno hayo yalimpoza. Kweli, alijiambia, wimbo wa harusini ni wao, wa chumbani ni wangu. Akashika pembe, akaimba *Toka Ruqaya* kutwa nzima.

Asubuhi yake alifunga mlango, akauchukua ukili. Akaanza: *Lala*. Mkono ukaanza kupigapiga goti kwa mdundo wa pembe. Akauacha ukili, akaukalia mkono ule, akaanza upya. Wimbo ukakimbia. Aliurudisha, ukakimbia tena, na kila alipouzuia alivisikia vigelegele vyake vikiufuata. Tangu lini hajauimba peke yake? Alijaribu kukumbuka, asijue. Hofu ikamwingia, hofu ya mtu anayepapasa mfukoni na kukuta tundu.

Akasimama. Akajifunga leso mgongoni, tupu, akazunguka chumba hatua ndogondogo kama alivyokuwa akitembea kule Ndau. Mgongo ulimkumbuka mtoto, uzito wake na joto lake. Pole pole sauti ikatulia, ikashuka, ikawa karibu na ile ya zamani. Machozi yakamtoka kwa shukrani. Akafumba macho, akafika kwenye jina, akasita kidogo.

Mdomo ukasema Ruqaya.

Alisimama pale pale, leso mgongoni, na chumbani hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.