Hodi Tumboni kwa Mwanakombo

Mwanakombo alikuwa uani kwake Mikindani, akimenya muhogo, tumbo lake lilipoanza kugomba. Halikuwa likinguruma kwa njaa, njaa aliijua. Zilikuwa sauti za wazee wengi, zikilalamikia joto, majirani na vijana wa siku hizi. Akasikiliza kidogo, kisha akaendelea kumenya, maana maji yalikuwa yameshachemka.

Kesho yake alimweleza Raheli, muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimpima sukari. Sukari ilikuwa juu, na nyayo zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Raheli alishamwambia waziwazi kwamba ikiendelea hivyo hatahisi ardhi kabisa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi Mwanakombo, kwani yeye ndiye aliyetakiwa kuongoza ngoma kwenye harusi ya mjukuu wake Latifa, na ngoma ya kwao huchezwa pekupeku.

Raheli akaweka sikio tumboni.

"Ni seli za mafuta zilizozeeka," alisema. "Kazi haziwezi tena, na kufa hazitaki. Zinapayuka tu kutwa, na zilizo jirani nazo zinazeeka kabla ya wakati."

Mwanakombo akauliza hayo yanahusiana vipi na sukari. Akaambiwa akale, kisha atulie asikilize.

Kweli, baada ya chai alimsikia mgeni. Alikuwa Insulini, mpole wa sauti, akipita nyumba hadi nyumba, yaani seli hadi seli, mle mwilini ili sukari ifunguliwe milango. Akapiga hodi. Wazee wakapayuka. Akapiga ya pili, na wenye nyumba, kwa kelele zile, hawakusikia kitu. Akapiga ya tatu, akangoja, kisha akaondoka zake, kama inavyompasa mtu aliyelelewa vizuri. Sukari ikabaki nje, ikizurura kwenye damu. Kongosho likatuma Insulini wengine, nao wote walikuwa na adabu ile ile.

Mwanakombo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaona uchungu, kwa sababu miaka yote watu walimwita mlafi, naye aliwaamini.

Jioni aliwaita wale wazee wajieleze. Wakatoka kupitia kitovuni, kila mmoja saizi ya punje ya korosho, wakaketi mkekani wakigombea nafasi. Walisema hawakuzaliwa hivyo. Walizeeshwa kule kwenye banda la kubangulia korosho, ambako Mwanakombo hukaa chini kutwa nzima, na chakula cha mchana cha bure ni soda na maandazi.

"Tulipokea mzigo mpaka migongo ikavunjika," alisema mmoja, "na bado tukaletewa mwingine."

Kisha wakarudi ndani, wakidai upepo wa nje una baridi.

Raheli akampa dawa na kumwagiza atembee. Kila alasiri, akitoka bandani, Mwanakombo alipanda kilima cha Mikindani na kushuka, akiimba nyimbo za harusi. Wazee hawakupenda kutikiswa hata kidogo. Walitukana, wakachoka, na baadhi yao wakakata roho. Aliwatoa kitovuni, akawazika chini ya mpapai, kwa dua fupi, na mpapai ukanawiri.

Siku ya harusi ya Latifa alivua kandambili, akakanyaga mchanga, akauhisi. Mle ndani alisikia hodi, na kutoka nyumba nyingi akasikia "karibu". Alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji.

Jumatatu alirudi bandani. Alimwomba msimamizi, Fredi, awaletee wali na maharage, na awaruhusu kuinuka mara kwa mara kunyoosha miguu. Fredi alimsikiliza vizuri sana, akampongeza kwa kupungua, akasema soda ni motisha kutoka juu. Kisha akaleta kreti.

Wanawake wakanywa. Katikati ya mlio wa maganda Mwanakombo akaanza kusikia minong'ono ya wazee, tumbo baada ya tumbo, safu nzima. Pembeni yake aliketi Asia, binti aliyeajiriwa majuzi tu. Tumboni kwake mgeni alipiga hodi, akapiga ya pili. Alipopiga ya tatu, Mwanakombo hakuvumilia.

"Karibu," akaitikia.

Mgeni akamshukuru, akamweleza kwa upole kwamba anayefungua ni mwenye nyumba, akaenda zake. Fredi akafungua kreti la pili.