Mtani Alikuja Kumzika Baba Koleta

Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1955. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ukungu mwepesi ulitanda juu ya mashamba ya Itetemia, karibu na mji wa Tabora. Jua lilipopanda, udongo ulianza kutoa mvuke na kumbikumbi wakaruka kila mahali. Nilikuwa natoka misa ya kwanza, nikimshukuru Mungu kwa mvua. Sikujua kwamba kabla ya adhuhuri nitakuwa namwomba jambo jingine.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Hawanijui. Mume wangu Wenceslaus, ambaye wote humwita Baba Koleta kwa jina la binti yetu, alimpa jina hilo makusudi, ili majirani walisikie kila anapomwita. Walilisikia sana. Mwenyewe Hawanijui alikuwa mpole, na alipenda kumbikumbi kuliko nyama. Lakini asubuhi hiyo hakugusa hata mmoja. Alikaa kando ya ghala, taya limelegea, mate yananing'inia, na kila akibweka sauti inakwama kama ya jogoo mwenye mafua.

"Amekwamwa na mfupa," akasema Baba Koleta. "Juzi kwa Mayala walichinja mbuzi."

"Mwache, Baba Koleta. Mwalimu Bernardo ametufundisha kuhusu mbwa wa namna hii."

"Mwalimu Bernardo anamjua Hawanijui?"

Akapiga goti, akamtia mbwa mkono mdomoni, akatafuta mfupa. Hapakuwa na mfupa. Mbwa akafumba mdomo.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza shule ya jioni pale misheni, mimi mwenye binti aliyekwisha kuolewa. Kusoma kwangu kulikuwa bado kwa kidole, neno baada ya neno, lakini somo la kichaa cha mbwa nilikuwa nimelishika. Mwalimu alisema mbwa huyo hawezi kumeza, na watu hudhani ana mfupa kooni. Alisema ugonjwa umo katika mate yake, na ukishajionyesha ndani ya mtu hakuna dawa tena. Lakini mtu akiwahi kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha akawahi sindano hospitalini, hupona. Basi nilimshika Baba Koleta mkono nikamwosha kwa sabuni ya kufulia, nikamwaga mtungi mzima, huku akilalamika kwamba namwosha kama sufuria ya ugali.

"Sasa twende hospitali," nikasema.

"Kufanya nini? Sikung'atwa."

"Na hizo alama za meno?"

"Mama Koleta, kung'atwa ni mbwa kumjia mtu. Huyu mimi ndiye niliyemjia."

Kwa kweli aliogopa sindano. Mjini wote walijua kwamba sindano za mbwa huchomwa tumboni, kila siku, mpaka daktari aseme basi. Mume wangu aliwahi kupambana na chui kwenye zizi la mbuzi, lakini akiona hata sindano yangu ya kushonea hutazama pembeni.

Kesho yake Hawanijui alikufa. Tulimsukuma shimoni kwa majembe, bila kumgusa, tukamfukia chini sana. Baba Koleta alisikitika, akaapa kwamba ni mfupa uliomuua.

Usiku huo nilisali rozari yote. Nilimwomba Mungu amtume mtu ambaye Baba Koleta hawezi kumkatalia. Nilidhani atamtuma padri, lakini asubuhi nilipokwenda misheni niliambiwa padri yuko Goweko anabatiza. Nikarudi kwa njia ya Mtendeni, kwa kuwa gauni langu lilikuwa kwa fundi Shaban. Shaban ni Mzaramo, amekaa Tabora miaka mingi, na kwa sisi Wanyamwezi ni mtani. Hajawahi kunisalimu bila kunitukana.

"Mwangaluka, mla panzi!" akaita kutoka barazani kwake, akinisalimu kwa Kinyamwezi. "Umekuja kuchukua gauni au kuchukua fundi?"

Nikalia. Mkewe, Mwanamkuu, akaniwekea kigoda, nikawaeleza yote. Shaban akasimamisha cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisikiliza mpaka mwisho.

"Nenda nyumbani, shemeji," akasema. "Kesho asubuhi pika uji mwingi. Msibani watu huja na njaa."

Alfajiri tulisikia kilio kikubwa njiani. Mwanamkuu alikuwa mbele, mikono kichwani. "Uuuwi! Mnyamwezi wetu! Ametuacha na tumbo lake lile!" Nyuma yake alikuja Shaban na futi yake shingoni. Majirani wakatoka mbio, Mayala akaja kabisa na jembe la kuchimbia kaburi. Baba Koleta akatoka uani, mswaki mdomoni.

"Nani kafa?"

"Wewe," Shaban akamjibu.

Watu wakaelewa, wakaanza kucheka. Utani wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo mpaka pwani na kulala Uzaramo njiani. Msibani mtani ana haki ya kumwigiza marehemu, kumsema, na kushika kitu chake asikiachie mpaka kikombolewe. Ndugu za marehemu hawaruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

Shaban akamzungushia futi. "Urefu, wa kawaida. Tumbo... astaghfirullah! Mwanamkuu, sanda moja haitoshi." Kisha akamvua Baba Koleta kofia, akaivaa yeye, akapiga goti mbele ya chungu changu cha maji na kuingiza mkono mpaka begani. "Hawanijui, baba, toa mfupa! Usiogope, mimi ndiye niliyekujia!"

Mayala alicheka mpaka akakalia jembe. Baba Koleta naye alicheka.

"Mtani, mimi ni mzima."

"Leo, ndiyo. Mimi ni fundi, nina kazi nyingi. Nimekuja mapema nisije nikakosa nafasi."

Halafu Shaban akasimama, maji yakimchuruzika mkononi, akaongea kwa sauti ya chini.

"Kule kwetu nilimzika mdogo wangu kwa ugonjwa huu. Alikuwa na kiu, Wenceslaus, na akiona maji anatetemeka mwili mzima. Watani walikuja kwenye mazishi yale wakashindwa kufanya utani. Ndiyo maana nimekuja kuufanya leo, wakati bado unaweza kucheka."

Shaban akaenda moja kwa moja ukutani, akaishika baiskeli ya Baba Koleta.

"Hii nimeichukua."

"Haya, niikomboe kwa nini? Kuku?"

"Kuku nini! Kwa tumbo lako. Sindano ya mwisho ikiingia, baiskeli inarudi."

Baba Koleta akawatazama majirani, akanitazama mimi. Mila ilikuwa imemshika, na hakuwa na pa kutokea. "Mama Koleta," akasema, "nipe uji kwanza. Siendi kuchomwa na njaa."

Akaenda mjini akiwa amekaa nyuma ya baiskeli yake mwenyewe, Mzaramo akiendesha na kofia yake kichwani. Ikawa hivyo kila asubuhi. Hospitalini walisema tumewahi, na sabuni imesaidia. Akirudi, alijilaza akigumia na kuwasimulia wageni kwamba chui ana huruma kuliko muuguzi yule.

Baada ya sindano ya mwisho baiskeli ilirudi. Kofia Shaban aliishikilia, akasema mvua ziishe kwanza, tuone kama ugonjwa haukujificha. Miezi ile sikuacha kusali, na kila Baba Koleta alipokunywa maji nilitazama koo lake. Aliligundua hilo, akaanza kunywa kwa kelele kama ng'ombe ili kunichokoza, nami kila mara nilimshukuru Mungu kwa kelele zile.

Mvua ziliisha, tukavuna. Jumapili moja Shaban na Mwanamkuu walileta kofia, wakaikuta nyumba imejaa. Mayala alikuwepo, Mwalimu Bernardo alikuwepo, hata padri alipita. Koleta alikuwa ameleta mtoto wa mbwa kutoka kwa mumewe, na mnadi alikuwa amekwisha kupita akitangaza kwamba Jumamosi bwana mifugo atachoma mbwa sindano ya kinga hapo sokoni. Baba Koleta akavaa kofia yake, akamwinua mbwa yule juu watu wote wamwone.

"Sikilizeni, nanyi muwe mashahidi," akasema kwa sauti kubwa. "Mbwa huyu nitampeleka kwenye sindano Jumamosi, kwa mikono yangu, na kila mwaka itakapotangazwa. Na mbwa wangu akionekana ana mfupa kooni, nitafunga mlango na kuita watu, mkono wangu utabaki mfukoni. Nikivunja neno hili, Shaban aje anizike tena, na safari hiyo baiskeli asirudishe!"