Mtu wa Kukataa

Daktari Symphorien alipatwa na tatizo ambalo hakulitarajia: watu wote wa Panda, kambi ya wafanyakazi wa shaba, walimkubalia.

Utafiti wake ulihusu vumbi la madini na mapafu ya wafanyakazi wa zamani. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza: tutawapima pumzi, tutatoa damu kidogo, na kila mtu ana haki ya kukataa bila kuulizwa sababu. Alipofika kwenye haki ya kukataa, watu walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati.

Bibi Michelle, mkaguzi wa maadili aliyetumwa na wafadhili, alifika kutoka Lubumbashi, akasikiliza taarifa, akatikisa kichwa.

"Hakuna hata mmoja aliyekataa? Basi hawakuwa huru. Kanuni za kimataifa zinataka ridhaa ya hiari. Nasimamisha kazi mpaka nimwone mtu aliyekataa."

Symphorien akarudi Panda kwenye milango ileile, safari hii akiomba kukataliwa. Mama mmoja aliudhika kabisa. "Docteur, shiye tulikukosea nini? Muntu anakuya kwangu na heshima yake, minye nimukatalie?" Jirani yake akamwekea kiti na sahani ya bukari, ugali wa huko, akidhani daktari ana njaa na anaona haya kusema.

Akaishia kwa mzee Ruphin. Huyo alimaliza ujana wake mbele ya tanuru la shaba, kama baba yake aliyeletwa kutoka Kasai kwa kazi hiyohiyo, na sasa alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Hakuna mtu Panda aliyeungoja utafiti ule kama yeye.

"Tata Ruphin, nisaidie," Symphorien akasema. "Unikatalie."

Mzee akamtazama mkewe, Berthe, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Berthe akainua mabega.

"Nikikatala, benzangu batapimwa?"

"Watapimwa wote."

"Basi, nakatala." Akakohoa. "Juu ya kukusaidia tu, docteur."

Bibi Michelle alipoletwa, alimkuta Ruphin amevaa koti lake la kanisani.

"Baba, unakataa kwa hiari yako?"

"Ndiyo, Madame. Docteur aliniomba sana."

Symphorien akafumba macho.

"Basi amekushawishi," Bibi Michelle akasema. "Kukataa huku hakufai."

Ruphin alisimama polepole. Maisha yake yote hakuwahi kuambiwa kwamba kazi aliyoifanya haifai.

"Nikikubali, hapana. Nikikatala, hapana. Sasa sikia muzuri, Madame. Nakatala vraiment! Nakatala damu, nakatala kupimwa, nakatala weye na kanuni yako. Toka mu lupango yangu!"

"Kwa nini?" Bibi Michelle akauliza.

"Asiulizwe sababu!" Berthe akafoka, majani ya sombe mkononi. "Docteur alisema hakuna kuuliza sababu!"

Uso wa Bibi Michelle ukang'aa. Alimpa Symphorien mkono, akamsifu kwa utafiti wa mfano, akaondoka, na asubuhi iliyofuata kazi ikaanza.

Panda nzima ikaenda kupuliza kwenye mashine. Ruphin alibaki nyumbani akisikia vicheko vyao vikipita barabarani. Alikuwa na hasira ya kweli, na hasira ile haikumruhusu kubadili neno. Symphorien naye hakuweza kumsihi: kumsihi aliyekataa ni kumshinikiza, na kazi ingesimamishwa tena. Kwa hiyo kila alipopita pale alitazama upande mwingine, na kikohozi kikamfuata mpaka kwenye kona.

Siku moja hakuvumilia. Aliingia bila koti jeupe wala wasaidizi, kipima moyo kimening'inia shingoni.

"Sikuja kwa utafiti, Tata. Nimekuja kwa kikohozi chako. Aliyekataa utafiti hajakataa daktari."

"Na hiki pia naweza kukatala?"

"Unaweza."

Ruphin alilionja neno hilo kwa raha kubwa, huku Berthe akimkanyaga mguu chini ya meza. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati.

Makohozi yake yalipopimwa, ilionekana ni kifua kikuu. Alipewa vidonge, akavimeza miezi yote iliyotakiwa, akinung'unikia ladha yake lakini bila kukosa hata kimoja. Mvua zilipoanza, watu walimwona akipanda taratibu kuelekea soko la Kikula, Berthe mbele na kapu, yeye nyuma, akibishana naye juu ya bei ya samaki kwa pumzi moja ndefu.