Kifuniko cha Vifaranga

Mashine yetu ya kuchana sufu hapa Mabawe ilikuja na kifuniko cha wavu wa chuma, cha kuziba zile rola zenye meno. Kikundi chetu cha sufu kilimkabidhi mume wangu Gaspari mashine aitunze. Akakitazama kile kifuniko, akaona kinafaa kufunikia vifaranga, maana mwewe walikuwa wametuzidi. Akafungua bolti, akakipeleka nyumbani. Vifaranga wakanenepa.

Mkamwana wetu Koleta ndiye aliyelisha mashine. Wanawake tulipewa suruali za kazi, ila mkamwana hasimami na suruali mbele ya baba mkwe, basi akawa anafunga kitenge juu yake.

"Koleta, hicho kitenge kitavutwa."

"Sasa mama, nivue baba ananiona?"

Nikamgeukia Gaspari. "Rudisha kifuniko."

"Na vifaranga niwafunike na nini, kofia yangu?"

Siku ya Jumatatu mimi nilikuwa nimekaa chini natoa miiba kwenye sufu. Pindo la kitenge likaingia kwenye rola, likamvuta na Koleta. Akatanguliza mkono ajizuie, nao ukashikwa.

"Baba, zima!"

Gaspari alikuwa amesimama hapo hapo kwenye swichi. Lakini kitenge kilikuwa kimeshafunguka, Koleta amebaki na suruali. Mzee akafumba macho kwa adabu, akageukia mlango, akawa anaitafuta swichi kwa kupapasa ukuta nyuma yake. Akashika koti lake. Akashika ufagio.

"Fumbua macho, mzee wewe!" Nikamsukuma, nikazima mwenyewe.

Kidole cha kati kilikatika kwenye kiungo cha juu. Hospitali wakashona kilichobaki.

Gaspari alikwenda nami kumwona, na papai mkononi. Akasimama mlangoni, anatazama nje.

"Pole, mwanangu. Kitenge nitakununulia kingine."

"Sitaki kitenge, baba. Nataka kifuniko. Na nikirudi, nakuja na suruali peke yake. Kama haiwezekani, tafuteni mwenye vidole vingi."

Gaspari akafikiri sana. "Na mimi nitatazama wapi?"

"Swichi," nikamwambia.

Kifuniko tulikisugua mpaka mavi ya kuku yakatoka, kikafungwa bolti zake zote. Kidonda kilipopona, Koleta akaja na suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Gaspari akaiambia swichi.

Mwewe wameshabeba vifaranga wawili. Nimemwambia kofia ipo.