Herufi Zilizofika Salama

Tangu kiharusi kimwangushe baba yake, fundi alikuwa na kazi moja tu kichwani: kujua mzee anataka nini. Kila alasiri mzee aliunyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaelekeza mlangoni na kutoa sauti isiyo na neno ndani yake. Wakampelekea maji, akayasukuma. Wakampelekea redio, shuka, picha za wajukuu, akavisukuma vyote, kisha machozi yakamtoka. Mama, ambaye hakuwahi kumwona mumewe akilia hata siku alipomzika mamake mzazi, alikuwa akitoka nje kwa kisingizio cha kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Sasa, mzee huyu alikuwa mpiga chapa. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima alivimalizia kwenye kibaraza cha mahakama, taipureta mbele yake, akiwaandikia watu shida zao. Vidole vyake vilizijua herufi kuliko ulimi. Basi fundi akajiambia, ulimi umegoma, haya, je vidole?

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za ofisi na za madukani, kwa hiyo vipuri havikumpiga chenga. Akaunda sinia la vitufe vikubwa, kila kitufe na herufi yake, akalifunga kwa waya mrefu kwenye tundu la pini tisa nyuma ya kompyuta kuukuu ambayo mtu mwenye akili zake angeitumia kuzuilia mlango. Kompyuta akaiweka mezani kando ya kitanda. Mzee abonyeze, herufi zisafiri moja moja ndani ya waya, zitokeze kwenye kioo.

Siku ya kwanza mzee alibonyeza kwa utulivu wa mtu aliyerudi kazini baada ya likizo. Kioo kikajaa uchafu: viboksi, mikwaju, alama ambazo hata shetani hazisomi. Mama akauliza kama hiyo ndiyo lugha ya kompyuta. Fundi akacheka, na kwa kweli alifurahi, maana uchafu wa namna ile aliujua vizuri. Sinia lilituma kwa kasi moja na kompyuta ikapokea kwa kasi nyingine, sawa na karani anayesomewa haraka kuliko mkono wake. Akazilinganisha kasi. Viboksi vikatoweka, zikaja herufi za kawaida.

Lakini herufi hazikushikana, na nyingine zilibadilika kila mara friji iliyokuwa upande wa pili wa ukuta ilipoanza kunguruma. Akampigia simu mwenzake wa karakana, waliyemwita Koleo kwa vile akishika jambo haliachii. Koleo akamtania kwanza, kwamba mashine za wateja anaziweza ila ya kwao inamtoa jasho, mganga hajigangi. Kisha akamuuliza kama ameunganisha waya wa ardhi kati ya sinia na kompyuta. Hakuwa ameunganisha, kosa la mwanafunzi. Akauunganisha, akatupa waya wa zamani na kuweka uliovishwa wavu wa chuma, na mwishowe akaizima friji kabisa. Maziwa yakachacha, mama akayamwaga.

Mzee akaandika tena. Kioo kikaonyesha: TERAMO KISI LABE. WANDI MO. Herufi safi, nafasi mahali pake, nukta mahali pake. Neno halikuwemo hata moja.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia fundi. Kila alipousafisha waya, upuuzi ule ulizidi kuja ukiwa umeoga na kuchana nywele. Akauchomoa waya upande wa sinia, akaunganisha pini ya kutuma na ya kupokea, ili kila atakachokituma kirudi kilikotoka. Akatuma ukurasa mzima. Ukarudi mzima. Fundi mwingine angeshangilia, lakini yeye, kwa mara ya kwanza tangu ashike bisibisi, alimwomba Mungu waya uwe mbovu.

Akajipa moyo kwamba labda sinia. Akalirudisha kwenye waya, akamwita mama, akamwomba aandike chochote. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akawa anatafuta herufi kama anayechagua mawe kwenye mchele. Aliandika: UNATAKA NINI BABA WATOTO. Ikatokea vilevile, haikupungua herufi.

Mzee akakitazama kioo kwa muda mrefu, na uso ukamchangamka. Akalivuta sinia, akajibu bila kusita: LABE TERAMO. WANDI KISI MO. Akakionyesha kioo kwa kidole, akauonyesha mlango, akajilaza juu ya mto. Hakulia. Alikuwa amekwisha kusema, sasa anangoja aletewe.

"Hebu angalia tena huo waya," mama akasema.

"Waya ni mzima, mama."

"Hilo sinia, basi."

"Nalo ni zima. Si umeandika wewe sasa hivi?"

Mama akafikiri. "Mimi nimeandika polepole. Yeye ana haraka. Mtengenezee la mtu mwenye haraka."

Fundi akashika bisibisi. Angemwambiaje? Kwamba kila herufi aliyoituma mzee imefika salama salimini, na kilichovurugika kilivurugika kabla ya kuingia kwenye waya, mahali ambapo bisibisi haifiki? Akazifungua skrubu za sinia moja baada ya nyingine, akaangalia ndani, akazifunga tena.

Mzee bado alikuwa anautazama mlango, mpole, hana wasiwasi. Mama akaona hivyo, akasimama.

"Ngoja nikuletee," akamwambia mumewe, akatoka.

Fundi akamsikia akilifungua kabati la vyombo, akalifunga. Akalifungua la nguo. Kisha akaanza kutoa vitu, kimoja kimoja.