Honi ya Yowasi

"Mama Ronah, mutoto mwanamuke ataendesha treni gani, na reli ya Kasese mbuzi wanalala juu yake?"

Ramula alimuuliza jirani yake Kaswera swali hilo sokoni Mpondwe, mbele za watu, siku Ronah alipopanda basi kwenda Kampala kusomea udereva wa treni. Watu wakacheka. Ramula akaona haitoshi. "Siku ataendesha, jogoo yangu ile nyekundu utakula wewe!"

"Mungu iko, Ramula," Kaswera akajibu, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Miaka ikapita. Pale kwao Bwera watu wakanong'ona kwamba Ronah anafagia mabehewa tu. Kaswera hakubishana na mtu, aliyaweka yote kwenye rozari. Lakini yalimchoma. Marehemu mumewe, Yowasi, alikuwa dereva wa treni Kasese enzi zile reli iko hai, na Ronah alijifunza kutembea kando ya reli hiyo.

Siku ya kuzindua treni mpya za abiria Kampala, Ronah alipiga simu alfajiri. "Mama, ya kwanza ni yangu. Tazama." Kaswera akavaa kitenge cha Pasaka, akaenda kwenye hoteli ya chai ya Mzee Zedekia, aliyekuwa mshika bendera stesheni ya Kasese. Televisheni ilikuwa pale, na majirani wamejaa. Ramula alikaa mbele kabisa.

Treni ikaonekana, nyeupe, inang'aa kama sahani ya harusi. Wakubwa wakakata utepe. Kamera ikazunguka kwenye viti na milango, ila kioo cha mbele jua lilikuwa limekipiga, dereva haonekani.

"Sasa dereva iko wapi?" Ramula akauliza. "Ama iko chini ya viti na ufagio yake?"

Wakaangua kicheko. Kaswera akaikamata rozari yake, macho hayatoki kwenye kioo kile.

Ndipo honi ikalia. Ndefu, halafu fupi mbili, ya mwisho ikivutwa mkia kama mtu anayeita mtoto aliye mbali. Mkono wa Kaswera ukafanya ishara ya msalaba kabla mwenyewe hajajua.

Zedekia akaweka birika chini. "Yesu! Hiyo ni honi ya Yowasi!"

"Yowasi alikufa, mzee."

"Nyamaza, Ramula. Kila dereva wa Kasese alikuwa na mkia wake wa kuaga nyumbani. Bibi akisikia, anajua bwana ameondoka, anamuombea. Hii ilikuwa ya Yowasi peke yake. Nani ataijua, kama si mutoto aliyekuwa analala nyumbani mwake?"

Treni ikakata kona, jua likaondoka kiooni. Ronah huyo, na kofia yake, amekaa wima kama baba yake. Hoteli nzima ikapiga vigelegele.

"Nenda na Mungu," Kaswera akasema polepole, maneno yale yale aliyokuwa akimwambia Yowasi. Kisha akageuka, akamtazama Ramula.

Ramula akainuka, akakaza kitenge chake kiunoni, akatoka, akashika njia ya kwenye banda lake la kuku.